Aliyeibiwa Jina Afanye Nini?

Mtu akiibiwa mbuzi hupiga yowe. Majirani hutoka, nyayo hufuatwa, na hata mwizi asipopatikana, kijiji kizima hujua kulipokucha kwamba fulani ameibiwa, na kwamba mbuzi mwenye alama fulani sikioni akionekana mnadani, anayemuuza si mwenyewe. Mtu akiibiwa jina hapigi yowe. Aghalabu hana habari kwamba ameibiwa. Na akipata habari huona haya, kwa kuwa swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alikuwa mzembe. Basi hunyamaza, na kimya chake humpa mwizi nafasi ya kuendelea na kazi.

Makala haya yanaeleza wizi huo ni wa namna gani na aliyefikwa nao afanye nini, tangu saa ya kwanza hadi miezi inayofuata. Yanatetea pia hoja moja, nayo ni kwamba aliyeibiwa jina anastahili kupiga yowe sawasawa na aliyeibiwa mbuzi, na kwamba ofisi zilizomkubali mwizi zinao wajibu wa kuitikia yowe hilo.

WIZI USIOACHA PENGO

Katika wizi wa kawaida kitu huhama. Baiskeli iliyokuwa ukumbini haipo tena, na pengo lake ndilo linalomshtua mwenyewe. Jina halihami. Mwizi huchukua nakala yake tu, na mwenyewe hubaki nalo kama kawaida, akiitwa nalo na kuitika. Tangu hapo watu wawili hutembea kwa jina moja, mmoja akikopa na mwingine akidaiwa.

Jambo hilo si geni nchini Tanzania. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Taarifa hiyo hiyo ilitaja kundi jingine, yaani vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Makundi haya mawili yanatofautiana. Cheti cha kughushi hakina mwenyewe, lakini cheti kinachotumiwa na watu wawili kina mwenyewe mmoja aliyekaa darasani miaka minne na kukitolea jasho. Yawezekana wako walioazimana vyeti kwa hiari yao, jambo ambalo nalo ni kosa. Hata hivyo yule ambaye cheti chake kilipotea safarini au kiliibwa nyumbani hakumwazima mtu. Mwanafunzi anayesoma ukurasa huu atapata cheti cha namna hiyo baada ya muda si mrefu, na ni vema ajue mapema kwamba thamani yake inaweza kutumiwa na mtu asiyemfahamu kabisa.

Simu za mkononi zimeongeza njia za wizi huu. Njia ya kwanza ni ya laini ya ziada. Mteja huenda kusajili laini yake kwa wakala asiye mwaminifu. Huweka kidole juu ya mashine. Wakala humwambia kwamba mashine haikusoma, aweke tena. Mara ya pili imesajili laini nyingine, ambayo mteja hataiona kamwe, na ambayo baadaye itawatumia watu ujumbe kwamba ile fedha itumwe kwa namba hii. Njia ya pili ni ya kuhamisha laini. Mwizi hudai kwamba yeye ndiye mwenye namba fulani na kwamba kadi imempotea; akipewa kadi mpya, simu ya mwenyewe hukatika mtandao, na fedha zilizomo hubaki mikononi mwa mwizi. Njia ya tatu ni ya picha na jina kutumiwa mitandaoni, ambapo jamaa na marafiki huombwa msaada wa haraka na mtu wanayemdhani ni ndugu yao.

KADI, NAMBA NA KIDOLE

Ili kuelewa dawa ya ugonjwa huu yafaa kwanza kuelewa mashine humtambuaje mtu. Jamii humtambua mtu kwa sura, sauti, mwendo na ukoo wake. Mashine haina ukoo. Humtambua kwa mambo matatu tu: kitu alicho nacho, kama kadi ya simu au kitambulisho, jambo analolijua, kama namba ya siri, na umbile lake, kama alama za vidole. Kila moja lina udhaifu wake.

Kadi huweza kupotea. Namba ya siri huweza kubahatishwa, na hapa hesabu rahisi yaweza kufunza mengi. Namba yenye tarakimu nne ina uwezekano wa 10 × 10 × 10 × 10, yaani namba 10,000 zilizo mbalimbali. Mtu akibahatisha mara tatu, nafasi yake ya kufaulu ni 3 katika 10,000. Lakini watu wengi hupenda namba iliyo rahisi kukumbuka, na mwaka wa kuzaliwa ni rahisi kuliko zote. Iwapo mwizi anakisia kwamba namba ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, na kwamba mwenyewe alizaliwa kati ya 1950 na 2009, zimebaki namba 60 tu. Nafasi yake sasa ni 3 katika 60, yaani 1 katika 20. Zaidi ya hayo, mwizi mwenye nakala ya kitambulisho cha taifa hana haja hata ya kubahatisha. Namba ya utambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ameiandika siri hiyo juu ya kitambulisho chake, na kila anapoacha nakala katika ofisi au steshenari, anaiacha na siri pamoja.

Umbile nalo lina habari yake. Mpangilio wa mistari iliyo katika ncha za vidole hukamilika mtoto angali tumboni mwa mama yake, na hata pacha waliotokana na yai moja hawalingani mistari. Francis Galton wa Uingereza alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1892, na tangu wakati huo polisi na serikali za nchi nyingi zimetegemea alama za vidole. Nguvu yake ndiyo pia udhaifu wake. Namba ya siri ikijulikana hubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi. Aidha wakulima, waashi na mama ntilie husugua vidole vyao katika kazi mpaka mistari ikafifia, na mashine ikashindwa kweli kuwasoma. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa aweke kidole tena hana njia ya kujua kama mashine imeshindwa au wakala anamdanganya. Katika hila hiyo kidole chake hakikuibiwa. Kilichoibiwa ni ridhaa yake.

Kutokana na maelezo hayo yapatikana kanuni moja inayoongoza hatua zote zifuatazo: kinachoweza kubadilishwa kibadilishwe upesi, na kisichoweza kubadilishwa kilindwe kwa kusahihisha kumbukumbu zinazokihusu.

SAA YA KWANZA

Chukuliwe mfano wa mwalimu ambaye simu yake imekatika mtandao saa kumi jioni. Huenda ni hitilafu ya mnara, huenda simu imeharibika, huenda laini imehamishwa. Mwalimu wa sayansi hafadhaiki. Hujaribu dhana zake moja baada ya nyingine. Kwanza, amwulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo kama anao mtandao. Akiwa nao, mnara hauna kosa. Pili, aitie kadi yake katika simu nyingine. Ikiwa hata huko haipati mtandao, basi simu yake haina kosa. Tatu, aipigie namba yake mwenyewe kwa simu ya jirani. Ikiita, ilhali kadi yake haina mtandao, hapana shaka tena kwamba namba hiyo iko mikononi mwa mtu mwingine. Isipoita asijipe moyo upesi, kwa kuwa mwizi huweza kuizima. Majaribio yote matatu hayachukui dakika kumi.

Hatua inayofuata ni kufunga mlango. Apige namba 100 ya huduma kwa wateja kwa laini ya kampuni hiyo hiyo, aombe laini na akaunti ya fedha zifungwe mara moja. Kisha aiarifu benki yake, kwa sababu benki nyingi hutuma namba za uthibitisho kwa simu. Asiogope kwamba amekosea. Laini iliyofungwa bure hufunguliwa kesho yake, lakini fedha iliyokwisha kutolewa ni shida kuirudisha.

Baada ya kufunga mlango apige yowe. Awaarifu mke au mume, wazee wake, walimu wenzake, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na kila kundi alimo, kwamba ujumbe wowote wa kuomba fedha kwa jina lake usisikilizwe. Hapa ndipo haya huwaponza wengi. Mwizi hakuichukua namba kwa ajili ya fedha zilizomo tu. Aliichukua pia kwa ajili ya imani ambayo watu wanayo kwa mwenye namba, na imani hiyo haiwezi kulindwa kwa kunyamaza.

Wakati huo huo afungue daftari. Mwanafunzi aliyefanya majaribio katika maabara anajua kwamba kipimo huandikwa pale pale kinaposomwa, pamoja na saa yake, wala hakiachwi kikumbukwe jioni. Daftari la aliyeibiwa nalo ni hivyo hivyo: saa mtandao ulipokatika, namba iliyopiga kabla ya hapo na ilichosema, kiasi cha fedha kilichokuwemo, jina la mhudumu aliyepokea simu, na namba ya malalamiko aliyopewa. Ujumbe wowote wa mwizi usifutwe, hata ukiwa wa matusi, kwa kuwa ni ushahidi.

SIKU YA KWANZA

Kulipokucha aende kituo cha polisi na daftari lake, atoe maelezo na kupewa namba ya RB. Wengi huona safari hii haina faida kwa vile hawatarajii mwizi kukamatwa. Wanakosea. Faida kubwa ya taarifa ya polisi ni tarehe yake. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina. Aliyetoa taarifa anaweza kuonyesha kwamba alilalamika kabla ya mtu yeyote kumlalamikia. Aliyenyamaza ataanza kujieleza akiwa mtuhumiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mlalamikaji haombi hisani, anadai haki.

Kutoka polisi aende katika duka la kampuni ya simu, si kwa wakala wa njiani, akiwa na kitambulisho chake halisi, ili arudishiwe laini. Kisha apige *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake ya utambulisho katika mtandao huo. Kwa kampuni ambazo hana laini zao, aende mwenyewe katika maduka yao akaulize. Laini yoyote asiyoitambua aikane kwa maandishi na kudai ifutwe, na abaki na nakala ya barua iliyogongwa mhuri. Jumbe za utapeli, pamoja na namba zilizozituma, zipelekwe kwa namba 15040. Ikiwa kilichoibwa ni kitambulisho, taarifa ipelekwe Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa; ikiwa ni cheti cha shule, Baraza la Mitihani la Tanzania liarifiwe.

Ndipo namba za siri zibadilishwe, na hapa utaratibu una maana yake. Watu wengi hukimbilia kubadilisha namba zote mara moja, ilhali laini ingali kwa mwizi. Kwa kuwa uthibitisho wa mabadiliko hutumwa kwa laini hiyo hiyo, mwenyewe anakuwa amebadilisha kufuli na kumkabidhi mwizi ufunguo mpya. Laini itangulie kurudi. Ifuatie barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hufunguliwa kupitia kwayo. Kisha benki na mitandao mingine.

MIEZI INAYOFUATA

Mwizi wa jina hana haraka. Nakala aliyo nayo haiozi. Kwa sababu hiyo aliyeibiwa aendelee kulinda kwa miezi mingi: aangalie taarifa za akaunti yake kila mwezi, arudie kupiga *106#, na aulize kama kuna mikopo midogo ya simu iliyochukuliwa kwa jina lake. Deni asilolijua asilipe ili yaishe. Kulipa ni kama kukiri. Alikane kwa maandishi, aambatishe taarifa ya polisi, na adai kumbukumbu zirekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kudai zisahihishwe, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako malalamiko yaweza kupelekwa.

Ajihadhari pia na mwizi wa pili. Habari ya wizi ikienea hujitokeza mtu anayedai kuwa mtaalamu, au kwamba ana ndugu ndani ya kampuni, naye huahidi kurudisha fedha zote iwapo atatangulizwa kidogo. Aliyeumwa na nyoka asikimbilie kwenye kichuguu.

WAJIBU USIO WA ALIYEIBIWA

Mpaka hapa kazi yote imewekwa mabegani mwa aliyeibiwa, na hiyo si haki. Mwalimu wa kijijini anaweza kutumia siku tatu na nauli ya wiki nzima akitoka polisi kwenda duka la simu, duka la simu kwenda benki, benki kurudi polisi, na kila mahali akianza hadithi upya. Ingalifaa taarifa moja, ikipokewa na ofisi moja, itoshe kwa ofisi zote. Uchunguzi uende na karatasi, asiende mtu.

Tena, katika kila wizi wa laini yupo mtu aliyemwona mwizi uso kwa uso au kupokea maombi yake, naye ni yule aliyetoa laini. Aliyeibiwa hakumwona. Itakuwaje basi asiyeona ndiye atakiwe kuthibitisha? Mantiki inataka aliyetoa laini, mkopo au ajira kwa jina la mtu ndiye aonyeshe kwamba alimhakiki mtu huyo. Wapo wanaosema kwamba utaratibu huo utawafanya wananchi wawe wazembe, na kwamba watakuwapo watakaodai wameibiwa ili wakwepe madeni. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu. Nyumba ikiwaka moto huzimwa kwanza, kisha huulizwa nani aliacha kibatari. Na mwongo hugundulika kwa kumbukumbu za mashine, zinazoonyesha laini ilihamishwa saa ngapi na wapi. Kumbukumbu hizo ziko kwa kampuni, si kwa mlalamikaji.

Historia ya vitambulisho katika Afrika Mashariki inatia nguvu hoja hii. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1920, mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, ambacho aghalabu kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kumbukumbu ile ilikuwa mali ya dola na mwajiri, na kazi yake ilikuwa kumdhibiti mfanyakazi asitoroke. Kitambulisho cha taifa huru kinapaswa kuwa cha mwenyewe kwanza. Kisipoweza kumtetea siku jina lake linapoibwa, kitakuwa kimerithi desturi ya kipande.

NAFASI YA SHULE

Maarifa haya hayahitaji somo jipya katika mtaala. Mwalimu wa hisabati anaweza kufundisha uwezekano kwa kutumia namba za siri badala ya sarafu na dadu. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwaandikisha wanafunzi barua rasmi ya kukana laini au deni. Na kila mwanafunzi anaweza, wakati wa likizo, kuwasaidia bibi na babu kupiga *106# na kuwasomea majibu, maana wao ndio walioambiwa mara nyingi zaidi kwamba kidole hakikusoma.

Mwalimu wa biolojia naye anaweza kuwapaka wanafunzi wino kidoleni, wagonge alama zao juu ya karatasi, na kuainisha matao, vitanzi na mizunguko. Somo hilo hupendwa sana. Lakini mwalimu asizikusanye karatasi hizo na kuziacha kabatini. Kengele ikigonga, kila mwanafunzi arudishiwe karatasi yake na kuichana mwenyewe.